Nikaha Niliyoikata Katikati

Vijana, mlipobisha lango langu hapa Wabera, Isiolo, mkasema mnataka niwaandikie mambo ya kazi yangu ya kuongoza filamu na vipindi vya televisheni, nilidhani kwanza mnaitaka kamera yangu. Halafu nikadhani mmetumwa na mtu. Niliwapa chai, nikawaangalia mlivyokuwa mkizungusha macho sebuleni, na nilipoona hakuna aliyelitazama sana kabati ninamoweka vifaa, nikakubali kuandika. Siombi radhi kwa hilo. Kushuku ndiyo kazi yenyewe, na mengine yote ni taa na nyaya.

Mtasema Eedo Sahra ana roho mbaya. Hata watoto wa ndugu zangu, ambao wana haki ya kuniita eedo kwa sababu mimi ni shangazi yao hasa, wanasema hivyo. Lakini fikirini kazi ya mwongozaji ni nini. Anaketi mbele ya skrini ndogo siku nzima, na kila anayepita anamwambia jambo ambalo si kweli. Mtu wa sauti anasema amesikia vizuri, na hakusikia. Dereva anasema yuko njiani, na bado anaoga. Mwigizaji anasema anajua kupanda ngamia. Huyo wa ngamia msimwamini hata kidogo. Mpandisheni kwanza mbele ya macho yenu, asubuhi, kabla hamjatandaza vifaa.

Wakati mmoja tulikwenda Biliqo kupiga picha za ukame. Tulipofika tukamkuta mzee mmoja amesimama kando ya mzoga wa ng'ombe, mkono shavuni, anatazama mbali. Mpiga picha wangu alifurahi sana, akaanza kufungua miguu ya kamera. Mimi nikatazama shuka ya yule mzee. Ilikuwa safi, imekunjuliwa punde, mikunjo bado inaonekana.

Nikamsalimia, nikamuuliza anafanya nini pale.

"Wale walikuja mbele yenu walitaka nisimame hivi," akasema. "Wengine walitaka nikae. Nyinyi mnataka gani?"

"Na huyu ng'ombe ni wako?"

"Huyu ni ya jirani. Yangu iko hai, lakini haina nguvu ya kuja hapa kwa picha."

Tulifunga kamera tukaenda kunywa chai kwake. Alasiri akatupeleka kwa ng'ombe wake mwenyewe, wale wasioweza kusimama bila kuinuliwa mkia, na pale hakuweka mkono shavuni. Alikuwa na kazi ya kuwainua. Hizo ndizo picha tulizorudi nazo. Tangu siku hiyo, mahali popote ninapopelekwa, swali langu la kwanza ni nani alikuja na kamera kabla yangu na aliwaambia wafanye nini. Ulizeni hivyo hivyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mhariri wa picha Nairobi, Mzee Karanja, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Zamani hizo tulitumia kanda. Kanda zangu zikawa zinapotea kwenye rafu, na nilijua kabisa ni yeye. Nikajibanza nyuma ya mlango wa chumba chake, nikamwona anachukua kanda yangu na kuisukuma chini ya kiti alichokalia. Nikaingia kwa hasira. Hakushtuka hata kidogo. Akaniambia wakubwa wa kituo wanapokosa kanda mpya hufuta za zamani na kurekodi mpira juu yake, na kwamba kazi zangu zote alikuwa amezikalia tangu nilipoajiriwa. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Siku hizi mna kadi ndogo kama ukucha na mnaona mko salama. Sikilizeni: anayenakili kadi asiwe ndiye anayeifuta. Wawe watu wawili, na wasiwe marafiki.

Mzee Karanja ndiye aliyenifundisha kutazama. Alikuwa anazima sauti, anafunika kwa kiganja nusu ya skrini alipo mtu anayezungumza, kisha ananiambia nimtazame yule anayesikiliza. Anayezungumza, alisema, amefanya mazoezi. Anayesikiliza hakupewa maneno, kwa hiyo uso wake unabaki wake. Nilimwona kama mzee anayependa kusikika. Nilikuja kumwelewa hapa hapa Isiolo, siku tuliyopiga picha za harusi, na hiyo ndiyo habari ninayotaka hasa kuwapa.

Ilikuwa tamthilia ya televisheni, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimewashawishi wenye fedha tuje tuipigie huku kwetu badala ya kutandaza mchanga kwenye uwanja wa Nairobi na kuuita kaskazini. Msichana mkuu katika hadithi aliitwa Zeinab. Aliyemwigiza ni Halima, binti wa hapa Wabera, mtulivu, anayeshika maneno yake kwa kuyasoma mara moja tu. Kijana aliyeigiza mchumba wake alitoka Nairobi, jina lake Jamal.

Jamal sikumwamini tangu siku ya kwanza. Alikuwa na adabu kupita kiasi. Kijana mwigizaji hufika amechelewa na miwani ya jua, anauliza chakula kiko wapi. Huyu alifika mapema, akabeba viti, akawapelekea wazee maji. Nikajiambia huyu anatafuta kitu.

Babake Halima, Mzee Hassan, alikuwa na lori la kubeba mifugo, na ni wa ukoo wa wale askari wa Kisomali waliopewa makao hapa zamani, kama sisi. Alimruhusu binti yake aigize kwa sharti kwamba yeye mwenyewe awepo kila siku. Akawa anakuja na kiti chake cha plastiki, anakiweka nyuma yangu, anatazama skrini juu ya bega langu. Alinishuku mimi, mimi nikamshuku yeye, tukaelewana vizuri sana. Tulipopiga picha za Halima na Jamal ndani ya gari, alikataa kubaki nje. Akalala sakafuni nyuma ya viti asionekane, na kikohozi chake kimo kwenye ile sauti mpaka leo.

Kuhusu waigizaji alikuwa na msimamo wake, na aliusema mbele ya kila mtu. "Mimi sina shida na hii kazi. Lakini binti yangu hawezi olewa na mtu analipwa kujifanya mtu mwingine. Utajua aje ni nani amerudi nyumbani jioni?"

Basi ikafika siku ya nikaha. Tulikuwa tumeazima nyumba moja Chechelesi, yenye sebule pana na pazia la kuingilia chumba cha wanawake. Mwigizaji tuliyemleta awe sheikh alisoma Kiarabu chake, majirani waliojaa dirishani wakacheka wazi. Nikaona aibu. Nikataka kumwomba sheikh wa kweli, Sheikh Abdi, mwalimu wa madrasa, atusaidie. Jamal akajitolea kwenda kumweleza inavyokuwa, na akarudi kusema sheikh amekubali. Hilo la kujitolea nililiona, nikaliweka akilini.

Kisha mwigizaji aliyekuwa baba wa Zeinab akapata homa, akarudishwa Nairobi. Nilikuwa nimeshika kichwa pale Halima aliposema kwa sauti yake ndogo, akimtazama babake, "Eedo, si Aabo anaweza? Ako hapa kila siku, na hayo maneno anayajua. Ameoza dada zangu." Nikamsifu. Nikawaambia wenzangu, mnaona msichana mwenye akili? Mzee Hassan akakataa, akabembelezwa, akakubali.

Asubuhi tukapiga kipande cha bibi harusi kuulizwa kama ameridhia. Sheikh Abdi aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia, na Halima akajibu, "Nimeridhia," kwa utulivu uliowanyamazisha hata majirani wa dirishani. Nikasema kwa kila aliyekuwepo kwamba hivyo ndivyo mtu anavyoigiza.

Mtu wa mavazi akaleta pete ya bati iwe mahari. Jamal akasema haina haja, ana pete yake ya fedha. Nikaliweka akilini hilo pia. Kwa upande wa mashahidi, tuliwachukua wanaume wawili wa mtaa, watu wazima waliovaa vizuri, tukawakalisha kando ya sheikh.

Kamera ikaanza. Mzee Hassan akaushika mkono wa Jamal. Skripti ilimtaka aseme anamwoza binti yake Zeinab. Akasema, "Nimekuoza binti yangu Halima."

"Kata," nikasema. "Mzee, ni Zeinab."

"Mimi sina binti anaitwa Zeinab."

"Kwenye hadithi, Mzee."

"Sahra, nimeshika mkono wa mtu, sheikh anaskia, watu wanaskia. Siwezi danganya hapo. Hii jina ya uongo semeni nyinyi."

Nilijaribu kumweleza. Mpiga picha akasema jua linahama dirishani. Mtu wa sauti akasema majirani wamechoka kunyamaza. Na Jamal, kwa ile adabu yake, akasema, "Madam, tuwache tu aseme hivyo. Tutabadilisha jina kwa editing. Tusimsumbue Mzee."

Ilikuwa kweli kwamba tungeweza. Jina moja hubandikwa juu ya jingine kwa urahisi siku hizi, ukiukata uso wa msemaji ukaonyesha mikono. Nikasema haya, turudie, aseme anavyotaka. Lakini kuna kitu hakikukaa sawa, na sikujua ni nini. Ndipo nikafanya alivyonifundisha Mzee Karanja. Nikaweka kiganja juu ya skrini, nikamfunika Mzee Hassan, nikawatazama wanaosikiliza.

Wale mashahidi wawili walikuwa wakiitikia kwa vichwa, watu waliozoea harusi. Sheikh Abdi hakuwa anaigiza tena. Alikuwa ameinua macho na kunitafuta nyuma ya taa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mtoto karibu na moto. Nikasikia, "Nimekuoza binti yangu Halima," na wakati ule ule nikahesabu kichwani kile nilichojifunza madrasa nikiwa mdogo. Baba mwenye haki ya kuoza, yupo. Bibi harusi ameridhia kwa mdomo wake, asubuhi, mbele ya sheikh. Mashahidi, wapo. Mahari iko kidoleni, ya fedha, ya mwoaji mwenyewe. Na katika dini yetu mzaha wa ndoa hauhesabiwi mzaha. Kilichobaki ni neno moja tu la Jamal, na mdomo wake ulikuwa tayari umefunguka.

Sikusema kata. Niliruka, nikaangusha kiti, nikamziba mdomo kwa mkono wangu. Mwanamke wa umri wangu, mbele ya sheikh, nimemshika kijana wa watu mdomo.

"Zimeni kamera," nikasema. "Mtu asiseme neno."

Sheikh Abdi akavuta pumzi. "Alhamdulillahi. Mimi nilikuwa nashindwa, niingilie ama ni kazi yenu. Lakini nilimwambia huyu kijana akwambie. Nilisema nitakuja kama majina ni ingine na baba ni mtu ingine. Bila hiyo, hii ni nikaha, wallahi. Kamera haibadilishi kitu."

Mzee Hassan akautoa mkono wake polepole, akautazama. Akakaa kwenye mkeka. Hakuwa amewaza hata kidogo kwamba kwa kukataa uongo mdogo alikuwa amefika mlangoni pa jambo kubwa namna ile.

Nikamgeukia Jamal. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na furaha pia, lazima niseme ukweli, kwa sababu nilikuwa nimemshuku tangu siku ya kwanza na sasa nimemkamata. "Ulipewa ujumbe na sheikh ukaumeza. Ulikuwa unamwiba mtoto wa watu mbele ya macho yangu."

Jamal akainamisha kichwa, hakujitetea. Hilo nalo likanitia shaka, maana mwizi hujitetea. Nikaingia nyuma ya pazia kumtuliza Halima, nikiwa na hakika nitamkuta anatetemeka.

Alikuwa ameketi wima, shela kichwani, ananitazama kama mtu aliyekatizwa kazini.

"Eedo, kwa nini ulimziba?"

Nikaketi kando yake.

"Ni mimi nilimwambia asikwambie," akasema. "Yeye alikuwa anaogopa. Alitaka kwenda kwa Aabo kama mtu. Mimi ndio nilikataa. Yule baba wa kuigiza alipougua, nikaona njia. Wewe si unamjua Aabo? Amesema mbele ya watu wote hawezi kunipa mtu wa kuigiza. Akiulizwa atakataa, na akishakataa mbele ya watu, harudi. Lakini akisema mwenyewe ameniozesha, pia harudi. Na nilijua hawezi kusema Zeinab. Aabo hawezi kusema jina la uongo hata kwa polisi wa barabarani."

Yaani siku zote zile nilikuwa nimemshuku Jamal, babake, sheikh, dereva, hata mpishi, na msichana niliyekuwa nikimlinda ndiye aliyepanga kila mtu mahali pake vizuri kuliko mimi mwongozaji. Nilimwonea wivu kidogo, kikazi. Kisha hasira ikanijia upya.

"Na kesho? Ungekaa na mume wako ukijua neno la baba yako umelichukua mfukoni mwake akiwa hatazami?"

Hapo ndipo aliposhtuka. Alitazama chini, akaishika shela yake. "Sitaki mtu mwingine, Eedo," akasema. "Na sitaki kumkosa Aabo. Sikuona njia ingine." Sauti ilikuwa ya mtoto sasa, na huruma ikanishika kabisa. Nilijua kwamba mzee akisema hapana siku ile, mbele ya majirani wa dirishani, msichana huyu atakuwa amepoteza mmoja kati ya watu wake wawili.

Nikawatoa watu wangu wote nje pamoja na majirani. Nikafungasha kamera mimi mwenyewe, nikahakikisha hakuna taa nyekundu inayowaka mahali, kwa maana nawajua wapiga picha. Sebuleni wakabaki Mzee Hassan, Sheikh Abdi na Jamal. Nikamwambia Jamal, "Maneno sina ya kukuandikia. Sema yako."

Akapiga magoti kwenye mkeka. Alisema vibaya, akarudia rudia, akachanganya. Kama angekuwa anaigiza ningemrudisha mwanzo. Lakini alisema yote, kwamba alipewa ujumbe na sheikh akaunyamazia, kwamba anampenda Halima, kwamba anaomba. Jina la Halima hakulitaja kama mpangaji. Alijibebesha yote peke yake, na kwa hilo nikaanza kumpenda.

Mzee Hassan alimsikiliza mpaka mwisho. Nikamtazama uso, na kwa mara ya kwanza sikuweza kuusoma.

"Umekunywesha mimi maji kila siku," akasema mwishowe. "Kila siku nakunywa, nasema moyoni, leo huyu atafungua mdomo. Hufungui. Unaleta maji ingine. Unafikiri mimi nilikuwa naangalia kamera ya Sahra? Maji sio posa."

"Ndio, Mzee."

"Na mtu haposi peke yake akiwa amevaa nguo ya kuazima. Vua hiyo kanzu ya watu. Enda ulete wazee wako. Wakikuja nitawaskia. Sijasema ndio." Akanyanyuka, akachukua kiti chake cha plastiki, akaita kuelekea pazia, "Na wewe unaskia huko ndani. Twende nyumbani."

Wazee walikuja kutoka Nairobi, wakarudishwa, wakaja tena. Sikuambiwa yaliyosemwa na sikuuliza, ingawa niliwaza mengi. Tamthilia tuliimaliza kwa kuonyesha pazia tu na uso wa Zeinab akisikiliza, bila nikaha yoyote kusomwa. Mtayarishaji alilalamika, nami nikamwambia aje mwenyewe amshike Mzee Hassan mkono.

Nikaha yenyewe ilifungwa nyumbani kwao, hapa hapa Wabera, baada ya swala ya alasiri. Mlangoni Mzee Hassan alinisimamisha, akafungua mkoba wangu mbele ya wageni, akatoa simu, akaizima, akaitia mfukoni mwake. "Leo hakuna kupiga picha, Sahra. Na hakuna kuruka juu ya watu." Wageni wakacheka. Niliumia kidogo, maana nilikuwa nimejiona kama mtu wa nyumba ile.

Nikaketi na wanawake, bega kwa bega na Halima. Sebuleni wakanyamaza. Mzee Hassan akasema maneno yale yale, kwa sauti ile ile, na jina lile lile ambalo hakukubali kulibadilisha. Jamal akajibu mara moja, bila kusita, na mimi nikiwa nimekalia mikono yangu yote miwili. Shangwe ikapanda. Nililia mbele ya wanawake wote wa mtaa kama mama anayeozesha mwanawe.

Halima alinitazama kwa jicho la kando chini ya shela yake, muda mrefu, akichunguza. Kisha akaniinamia sikioni.

"Eedo," akanong'ona, "unalia kweli ama unaigiza?"